Mzee Einar Bado Hajarudi

Nje theluji inaanguka, na ndani Marlys Tveit anamchana nywele Ardis Lokken, bibi wa miaka themanini na sita. Kila asubuhi swali ni lilelile.

“Einar hajarudi?”

“Bado, bibi yangu. Geuza shingo kidogo.”

“Mwambie aache kupiga soga na manesi huko!”

Marlys anacheka, kisha anajifuta macho. Kwa miaka ishirini na miwili amewahudumia wazee katika kituo hiki cha kaskazini mwa Minnesota. Sasa analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Amezika wengi. Lakini hili la Einar linamnyima usingizi.

Oktoba, Einar, mumewe Ardis, aliyekuwa akiishi naye hapa kituoni, alipelekwa hospitali na nimonia. Ofisi ikampigia simu binti yao, Joyce: je, atalipa ili baba ashikiwe kitanda chake hadi atoke hospitali? Joyce hana uwezo, akasema hapana. Baadaye akamwuliza Marlys, “Kwa hiyo ndiyo basi, baba harudi tena?”

“Ndivyo ilivyo, dada yangu.”

Sivyo ilivyo. Asiyelipia hupoteza kitanda kile tu. Haki ya kurudi kituoni, nafasi ya kwanza ikipatikana, inabaki palepale. Marlys hakujua, ofisi haikusema, na Joyce hakubisha. Jamani, huku kwetu ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi! Joyce alifika hadi kuiletea ofisi keki ya shukrani. Nami nimekulia hapa, huenda ningeleta mbili.

Einar akapelekwa kituo kingine, mwendo wa saa mbili kwa gari. Novemba kitanda kikapatikana chumba cha jirani na Ardis. Marlys akatandika shuka, akampokea mkazi mpya. Wiki iliyofuata akapita mtetezi wa haki za wakazi, akamweleza sheria.

“Kitanda cha Einar nimempa mtu mwingine kwa mikono yangu hii,” anasema Marlys.

Alimpigia Joyce siku hiyohiyo. Joyce, safari hii bila keki, alikata rufaa, na kituo kikakubali kwamba nafasi ijayo ni ya baba yake. Aliyegoma ni Einar mwenyewe.

“Acheni bwana, mtamsumbua mtu,” alisema kwenye simu.

“Sumbua, mzee! Mkeo anakungoja!” Marlys alimfokea.

Einar akauliza, “Bado ananisema kuhusu manesi?”

“Kila siku ya Mungu.”

“Basi nakuja.”

Ila vyumba vyote vimejaa, na hapa wazee hawahami kwenda kupanga kwingine. Marlys anajua vizuri kitanda hupatikanaje.

“Kila nikija kazini naomba nafasi ya Einar ipatikane,” anasema. “Halafu napita mlango kwa mlango kuwaamsha, na wote wananiitikia. Moyo wangu unafurahi. Sasa sijui niombe nini.”