Sare Iliyobaki Pindo

Harufu ya sabuni ya kipande iliyoloweshwa kwenye beseni la bati hunirudisha Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako familia nne tulichangia mfereji mmoja wa maji na sakafu moja ya saruji ya kufulia. Asubuhi king'ora cha karakana kililia, wanaume wakatoka, na nyuma yao ikabaki sauti ya Nafula akifua. Alifua mashati ya baba yenye grisi, soksi zangu na nepi za mdogo wangu, akijiimbia nyimbo za kwao kwa sauti ya chini. Nafula alikuwa binti wa marehemu binamu yake baba. Baba alimleta kutoka magharibi baada ya Krismasi, msichana aliyenizidi umri kidogo tu, na jogoo mmoja wa zawadi kwapani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tulipona kweli: mama alipata wa kumbebea mtoto, mimi nikapata wa kunipigia viatu rangi. Kwao waliahidiwa kwamba angesoma. Lango la shule tuliliona tukiwa pale mferejini, ng'ambo ya barabara. Kila alipouliza, mama alimjibu kwa upole, "Muhula ujao, mwanangu." Wala hakuwa akidanganya, nadhani. Alikuwa amechoka, na muhula ujao ulikuwa mbali vya kutosha.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa Mama Njeri, fundi cherehani, mtu wa kutoka sehemu za kati. Yeye na mama walikuwa wakipeana chumvi bila kuombana. Siku moja alimwita Nafula mlangoni pake, akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni na mabegani. "Simama wima, msichana, usinipunjie urefu," alisema. "Au kwenu mnapimwa mkiwa mmejikunja kama kuku wa mvua?" Nafula alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka kwa sauti. Kutokana na vipande vilivyobaki katika kazi za wateja Mama Njeri alimshonea gauni la kijani la shule, lenye kola nyeupe na vifungo vitatu mgongoni. Lilibaki pindo tu. Alitaka Nafula alivae kwanza aone aache kitambaa kiasi gani cha kukulia.

Halafu likaja lile neno. Mama alikuwa akikinga maji, Mama Njeri akisubiri zamu, Nafula akifua katikati yao.

"Mama Nekesa," Mama Njeri alisema, akimwita mama kwa jina langu, "mtoto huyu amefua muhula wa kwanza, amefua wa pili. Huu si msaada tena. Ni utumwa."

"Mtumwa ni nani? Mtoto wa nyumba yangu? Anakula ninachokula."

"Anakula unachokula, lakini hasomi anachosoma Nekesa."

Mama alitua ndoo. "Kuanzia leo asikanyage kwako. Na hilo gauni lako, kaa nalo."

Ulimi hauna mfupa, lakini neno lile lilivunja mifupa mingi. Zilikuwa siku za kampeni za udiwani, na wagombea wawili wa mtaa wetu walikuwa na njaa ya maneno. Mmoja alilichukua la Mama Njeri, akaenda nalo nyumba kwa nyumba akisema amekuja kuwafungua watumwa. Wa pili, mtu wa upande wetu, akasema tunatukanwa kwa sababu tunawasaidia mayatima wetu. Kabla mwezi haujaisha, habari hazikuwa za Nafula tena. Zilikuwa za makabila. Watu wa kwetu walisema wale wanatuona washenzi, wale nao wakasema sisi tunauza watoto. Kanisani akina mama waliacha kukaa benchi moja. Hata mpira wetu wa karatasi uligawanyika: timu moja ikajiita Walio Huru, sisi wengine tukabandikwa jina la Minyororo. Kamau, mwana wa Mama Njeri, alikuwa akiniita kutoka mbali, "Niaje, mtoto wa bwana mkubwa? Mtumwa wako amekuosha miguu leo?" Na ukweli ni kwamba katika nyumba za pande zote mbili walikuwemo wasichana kama Nafula, wengine bila hata ahadi ya muhula ujao.

Jumamosi moja wanaume wa upande wetu walijaa sebuleni kupanga jibu. "Hakuna mtumwa katika nyumba hii," mzee mmoja alikuwa akisema, akipiga meza kwa kidole. Nafula aliingia na sinia la vikombe. Yule mzee alionja chai, na bila kugeuza shingo akasema, "We msichana, sukari iko wapi?" Akaletewa sukari, akakoroga, akaendelea na hotuba. Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu alitusimulia juu ya nchi ya mbali iliyowahi kupasuka kwa ajili ya watumwa, ndugu wa tumbo moja wakishika bunduki huyu upande huu na yule upande ule. Mtoto mmoja akauliza wakati wabunge wao wakibishana watumwa wenyewe walikuwa wapi. Kabla mwalimu hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Walikuwa wanawapikia chai." Darasa zima lilicheka, mwalimu pia. Mimi nilitazama viatu vyangu, vilivyong'aa.

Mkutano mkubwa ulifanyika kwenye uwanja nyuma ya nyumba zetu. Mgombea wa kwanza alikuwa amemwomba Mama Njeri lile gauni, akalitundika kwenye kijiti na kuliinua juu ya vichwa vya watu kama bendera. Alisema sare hiyo inamngoja mtoto aliyefungwa. Watu walipiga makofi na mbinja. Mimi na Nafula tulikuwa tumepanda kwenye ukingo wa sakafu ya kufulia, tukichungulia. Alijifuta povu mikononi, akasema polepole, kama mtu aliyeona kuku wake katika banda la mwingine, "Ile ni yangu."

Mama Njeri alilidai alimalizie pindo. Aliambiwa angoje kura ziishe, kwa maana gauni lilikuwa ushahidi. Baba naye alichoshwa na aibu, na kabla ya siku ya kura akamrudisha Nafula kwao kwa basi. Mlangoni Nafula alimgeukia mama. "Mama, Mama Njeri amemaliza pindo?" Mama alimjibu, "Nenda, utachelewa." Vita vya panzi furaha ya kunguru: mmoja alishinda, na baadaye wagombea wote wawili wakahama mtaa. Gauni halikuonekana tena. Nafula hakusoma. Aliozwa mapema, akafariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Habari hizo tulizipata matangani, kwenye msiba wa mtu mwingine.

Mama yangu alipofariki, Mama Njeri alikuja. Alikaa nje ya hema, akamenya viazi, akaondoka bila kumsalimu mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka huu naye aliugua, akaniita kwa bintiye Buruburu. Alinishika kifundo cha mkono. "Nekesa, yule mtoto alisoma mpaka wapi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilitamani kumpa uongo wa kumpumzisha, lakini alikuwa akinitazama. "Hakusoma, mama. Alifariki zamani." Alishika ukingo wa shuka, akaupitisha vidoleni. "Lilibaki pindo tu," alisema. "Kazi ya jioni moja." Tulimzika baada ya wiki chache.

Sasa ninapanga chumba mtaa wa Pipeline, nashona na kurekebisha nguo za watu. Makongeni mfereji ulitukutanisha hata tulipogombana. Hapa kila mtu ana mlango wake wa chuma. Wanasiasa hupita chini na vipaza sauti wakitangaza ukombozi, na ghorofa ya juu yangu kuna msichana anayeanika nguo saa ambazo wenzake wako darasani. Wiki iliyopita nilipanda nikagonga. Mama wa nyumba ile alinipokea vizuri. "Huyo ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Ataingia shule muhula ujao." Nilijua upole ule, nililelewa nao. Neno la Mama Njeri lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Basi, mama," nilimwambia, "niruhusu nimpime sare leo." Akanitazama mimi, akautazama utepe mkononi mwangu. Sikuondoka mlangoni.