Mkono wa Bi Nusu

Asubuhi ile Bi Nusu alivaa koti lake jeupe la kazini, akashindwa kufunga vifungo. Kidole gumba kilikuwa kinacheza, na kifungo kinamponyoka kama samaki hai. Akaketi kitandani, akaukalia ule mkono wa kulia kama mtu anavyokalia kitu asichotaka wageni wakione. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, kwa vifungo, akaishia kulishwa kwa kijiko, kidevu kikitikisika na macho yakielewa kila kitu.

Jina la Bi Nusu alilipata kituoni, pale wanapozalisha ng'ombe wa maziwa. Aliingia pale msichana mbichi, kazi yake kuosha vioo na kupiga deki. Daktari wa zamani wa kituo, mzee mkali ambaye sasa ni marehemu, alimwona akimtoa mwenzake kibanzi kidoleni bila mwenzake kushtuka, akamwambia, "Wewe, acha ndoo, njoo huku." Akamfundisha kukata kiinitete.

Kiinitete ni mwanzo wa ndama, mimba changa mno inayooshwa kutoka tumboni mwa ng'ombe bora, ndogo kuliko punje ya chumvi. Ukiikata katikati sawasawa, kwa wembe mwembamba chini ya hadubini, kila nusu hujikusanya ikaendelea na maisha yake, nayo hupandikizwa kwa mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mungu akijalia, wanazaliwa mapacha waliobebwa na mama wawili. Ukikosea unywele mmoja, umewaua wote. Kituo kizima aliyeweza kazi hiyo alikuwa yeye peke yake, na alitembea kama anayelijua hilo. Akipita uani wakamuaji walimpigia kelele.

"Bi Nusu, nigawie huyu mume wangu, nusu moja iende kazini!"

"Mwanangu, huyo hakuzaliwa na nusu ya kwenda kazini!"

Siku hiyo hakuna aliyemtania. Wote walijua kiinitete kilichokuwa kinangoja ni cha dada yake mkubwa, yule muuza maziwa. Homa ya mifugo ilikuwa imelifagia zizi lake, ikamwachia Kahawia tu, ng'ombe mzee aliyemsomeshea watoto. Kituo kilimwosha Kahawia tumbo la uzazi, kikapata kiinitete kimoja, na wiki hiyohiyo Kahawia akaanguka zizini asiinuke. Kilichobaki duniani cha uzao ule kilikuwa kwenye kisahani cha kioo, juu ya bamba la vuguvugu.

"Mdogo wangu, nipe wawili," dada alimwambia mlangoni. "Mmoja akinifia nibaki na mmoja. Nimechoka kuwa na kimoja kimoja. Nguo nzuri moja, jino la kutafunia moja, mdogo wangu mmoja, naye anajidai kama nini!"

Bi Nusu akacheka, mkono kautia mfukoni.

Chumba cha kukatia kina adabu zake. Viatu vinaachwa nje, feni inazimwa, na hakuna wa kutembea wala kusema neno mpaka Bi Nusu atamke, "Mapacha." Hapo ndipo watu hupumua. Daktari wa sasa, kijana mpole anayemwita mama, alisimama nyuma yake pekupeku. Dada alibaki upande wa pili wa dirisha la kioo, kanga kaibana kifuani.

Bi Nusu akainama, akatia jicho. Kiinitete kilikuwa pale, cha mviringo, kimejaa, kizuri hata kikamtia uchungu. Akaushusha wembe.

Hadubini haina staha. Kile kitetemeko alichokuwa akikificha nyumbani, mle ndani kilikuwa tetemeko la ardhi. Wembe uliyumba juu ya kiinitete kama kisu mkononi mwa mlevi. Akaunyanyua. Akashusha pumzi, akajaribu tena, ncha ikapita kando kidogo tu na maji yakasukasuka. Alitaka kumwita mama yake, na aliyemjia machoni ni mama yule wa mwisho, wa kijiko.

Ndipo uongo ukamtoka, wenyewe, mwepesi.

"Hakikatiki hiki. Kimechoka. Kimeanza kumeguka ndani."

Hesabu yake ilikuwa fupi: kikishindikana kukatwa watakipandikiza kizima, dada atapata ndama wake, na mkono utarudi mfukoni na siri yake. Hofu ilikuwa imemsahaulisha kazi yake mwenyewe.

"Aa, pole, mama," daktari akanong'ona. "Basi nikimwage. Wale mitamba niwape walio kwenye foleni."

"Ukimwage?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Kikishameguka tusimchoshe mtamba wa watu bure."

Hakuinama hata kukitazama. Tangu lini neno la Bi Nusu likaangaliwa mara ya pili? Akakichukua kisahani, akageukia beseni. Bi Nusu akakifuata kisahani kwa macho, mkono kaurudisha mfukoni. Alichoogopa zaidi hakukijua tena.

Mlango ukafunguka. Dada alikuwa ameona kupitia kioo daktari akitikisa kichwa.

"Mbona kimya? Wako wapi mapacha wangu?"

"Pole sana, mama. Kimeharibika," daktari akamjibu.

Dada akashika fremu ya mlango. "Hata kimoja?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeambiwa arudi nyumbani. Daktari akakiinamisha kisahani.

"Usimwage!"

Bi Nusu mwenyewe alishtuka. "Usimwage, nakuomba. Kizima hicho, hakina kasoro. Kasoro ni hii hapa." Akaunyanyua mkono mbele yao, akauacha ufanye unavyotaka.

Daktari akakirudisha kisahani kwenye bamba polepole, akakitazama. "Cha daraja la kwanza," akasema.

"Yaani ulitaka kunimwagia Kahawia wangu kwa sababu ya aibu?" dada akamjia juu. "Wewe! Tumbo moja mimi na wewe!" Kidole chake kilikuwa kimefika puani mwa mdogo wake, kisha macho yakashuka hadi kwenye ule mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Kama mama."

"Kama mama."

Daktari akakohoa. "Naweza kujaribu kukikata mimi, ila nimekata vya mazoezi tu, sijawahi kukata cha mtu."

"Hapana, mwanangu," dada akasema. "Kitieni hivyohivyo kizima. Bahati yangu ni ya kimoja kimoja."

Kikavutwa kwenye mrija, mrija ukatiwa kwenye chuma kirefu, na daktari akaingiza mkono wenye glavu kwa mtamba mwekundu hadi kiwikoni, akikipapasia njia. Walipomaliza, Bi Nusu alisuuza mrija kwenye kisahani safi, akainama kuangalia kama kimekwama humo. Jicho lake lilikuwa bado la kutegemewa. Maji yalikuwa matupu.

"Kimebaki tumboni," akasema. Kama kitashika au hakitashika, hilo mtamba peke yake ndiye angejua.

Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi la ukutani. Dada akauchukua ule mkono, akaubana kwa kiganja chake kikubwa cha kukamulia, mpaka ukatulia.

"Umeona? Umetulia."

"Kwa kuwa umeubana, dada."

"Basi nitaubana."

Wakakaa hivyo, jua likiwapiga magotini. Baadaye Bi Nusu akahisi kiganja cha dada kinalegea. "Mama tulikuwa naye mmoja," dada akasema. Dada akanyoosha mkono wake mwenyewe mbele yao, vidole vyote vimekunjuliwa, na wote wawili wakaukazia macho bila kupumua.