Gilasi ya Maji ya Bwawa

Sokoni Jabe, muuzaji wa vyungu alinyunyizia maji bidhaa zake ili kutoa vumbi, na ile harufu ya udongo uliolowa ikanisimamisha.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa na kazi ya kufyeka nyasi kwenye baraji, tuta kubwa la udongo lililojengwa juu ya mtaa wetu kuzuia mafuriko. Upande mmoja lilikuwa bwawa la maji ya mvua. Upande wa pili, chini kabisa, zilikuwa nyumba zetu. Siku moja niliona maji yakichuruzika upande mkavu, kama tuta linatoka jasho. Nilichomeka kidole nijue yanatoka wapi, kisha nikamwita Mama.

Alikinga maji kwa gilasi, akaiweka juu ya jiwe.

"Kama maji iko safi, baraji iko muzima," alisema. "Kama iko na udongo, inakuliwa mu ndani. Tutahamisha watu."

Tulichungulia. Udongo mwekundu ulitua taratibu chini ya gilasi. Mama alikaza kitenge kiunoni, tayari kushuka kuwaita majirani.

"Mama, mi niliingiza kidole mule."

Aligeuka. "Mbele nikinge maji?"

"Ndiyo, kabla hujakinga."

Hakunigombeza. Aliyamwaga, akaacha mchirizi utiririke kitambo, akakinga tena. Tuliinamia gilasi vichwa vikigusana, nami nikasahau kuogopa kwa hamu ya kuona. Tulingoja sana. Hakuna kilichotua.

Mama alikunywa nusu, akanipa yaliyobaki.