Kola Nyeupe ya Mchungaji wa Gunzi

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Kanja, nikamkuta baba ameketi kando ya gari lake kuukuu, mkongojo katikati ya magoti, akimsimamia fundi kijana kama alivyokuwa akisimamia mtihani. Baba alikuwa mwalimu, na mwalimu hastaafu. Gari lilikuwa limelala bandani miaka mingi, kuku wakitaga chini yake, na sasa mzee alitaka liwake tena hata kwa siku moja. Kijana alikuwa amefungua mkono wa gia pale sakafuni. Alichomoa kitu kidogo cheusi, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, na hii ni nini? Ni mfupa?"

Nilikuwa nimembebea baba kikombe cha chai. Nilikiweka chini bila kumpa, nikaketi juu ya debe.

Rafiki yangu, acha nikueleze tangu mwanzo. Nimelibeba jambo hili tangu nikiwa na miaka tisa na sitaki kuzikwa nalo.

Baba alilinunua gari lile kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, miaka michache baada ya uhuru. Kijijini petu lilikuwa la pekee. Jumamosi ilikuwa siku yake. Sisi watoto tuliteka maji mtoni kwa madebe, tukalisugua kwa matambara hadi vidole vikakunjamana, huku githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota jikoni na harufu ya maganda ya kahawa ikipanda kutoka kiwandani bondeni. Mama alipenda kupita karibu na kumtania baba kwamba gari linaogeshwa kuliko watoto. Walicheka sana wale wawili siku hizo. Nataka ulikumbuke hilo.

Jumamosi moja baba aliung'oa mkono wa gia ili aupake grisi. Alitandaza gunia kwenye nyasi, akapanga vipande vyote juu yake, kisha mama akamwita akanywe chai. Kati ya vile vipande palikuwa na kiduara cheupe cha plastiki, ambacho mafundi hukiita bushi. Ndicho kinachoushika mkono wa gia chini usichezecheze. Mimi sikujua habari za bushi. Nilichoona ilikuwa ni kola.

Tulikuwa tukicheza kanisa chini ya mibuni, unaelewa. Gunzi la mahindi lilikuwa mchungaji, na maharagwe yalikuwa waumini. Mchungaji wetu wa kweli alivaa kola nyeupe, na wangu alikuwa shingo wazi tangu mavuno. Nikakichukua kile kiduara nikamvika. Kilimkaa kana kwamba alipimwa na fundi cherehani, na siku hiyo alihubiri kuliko siku zote.

Baba aliporudi, akapekua nyasi, akakung'uta gunia, akawasuta kuku kwamba wamekimeza. Nami nikatafuta pamoja naye! Nilipiga magoti, nikapapasa kila unyasi, kola iko mfukoni mwa rinda langu. Kiboko cha baba kilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila dakika iliyopita iliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kusema. Mwishowe nikaenda chooni nikakitupa shimoni.

"Itakuwa ni mimi nimeiweka vibaya," baba alimwambia mama wakati wa kula. "Nimeanza kuzeeka."

Aliagiza bushi nyingine Nairobi, kwa maana alikuwa mtu wa kutaka kitu halisi, si cha kubandikabandika. Wiki zikapita haijafika. Kwa wakati huo aliuzungushia mkono wa gia kipande cha tyubu ya baiskeli, lakini bado ulilegea kama mwiko ndani ya sufuria ya uji. Gia ya tatu ndiyo ilikuwa korofi, ikichomoka kwenye kila mteremko. Basi nikapewa kazi. Niliketi katikati ya baba na mama, na baba akisema "Shika tatu!" nilikamata kwa mikono miwili na kukandamiza kwa nguvu zangu zote. Alinisifu kwa watu kwamba bila mimi gari haliendi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha habari zikaja kwamba nyanya, mamake mama, amelazwa hospitalini Nkubu na anamuulizia mama. Mimi ndiye niliyepewa jina la nyanya huyo. Kwa hiyo mama hakuniita kwa jina hata siku moja, aliniita "mami", kama binti anavyomwita mama yake. Alfajiri ile alipika uji wa wimbi uliochachuka, kwa sababu nyanya hakuupenda uji wa mwingine yeyote. Akaujaza kwenye chupa ya chai, akaifunga kwa leso na kuipakata mapajani.

Barabara ya Meru wakati ule ilikuwa ya vumbi, ukitoka bonde moja unashuka jingine. Nilishika tatu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tulipovuka mto mmoja na kuanza kupanda, baba alibadilisha gia, na mkono wote ukang'oka ukabaki mkononi mwake. Gari likaanza kurudi nyuma. Mama alipiga yowe, baba akavuta breki, nami nikaruka kutia jiwe nyuma ya gurudumu.

Ile tyubu ilikuwa imekatika. Baba alilala chini ya gari, akatoka, akaingia tena, shati jeupe likawa la matope. Mama alifungua leso kutoka kwenye chupa, akairarua kwa meno, akampa vipande. Walizungusha, wakakaza, ikateleza, wakaanza upya. Nilikuwa nimesimama pale nikijua ni nini hasa kinachokosekana na kiko wapi. Niliomba Mungu akitoe shimoni. Niliomba hivyo kweli, kwa sauti, na mama akadhani namwombea nyanya, akanishika kichwa.

Hatimaye ilishika gia ya pili peke yake. Kwa hiyo pili ikatufikisha Nkubu, gari likilia njia nzima, tukipitwa na baiskeli.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. "Amekuwa akiuliza kama gari imefika," alisema. "Hata saa sita ameuliza. Ametuacha sasa hivi tu."

Mama alikuwa bado amepakata ile chupa. Muuguzi alipoipokea na kuifungua, uji ulitoa mvuke. Mama aliutazama ule mvuke, kisha akamgeukia baba mbele ya ndugu zake wote.

"Gari yako," alimwambia.

Baada ya mazishi gari halikuweza kurudi Kanja hivyo, tukaenda kwanza Meru mjini, mtaa wa Majengo, kwa mzee mmoja fundi mwenye kofia ya kufuma. Baba alimweleza kwamba anasubiri plastiki kutoka Nairobi. Mzee alicheka kwa upole. "Plastiki ya nini, Mwalimu? Pembe haichoki." Akavuka hadi kwa muuza nyama wa jirani, akarudi na pembe ya ng'ombe. Aliichemsha kwenye mkebe juu ya makaa, akakata kipande kwa msumeno, akakichonga kwa tupa huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa uani. Akakipaka grisi, akakipachika. Mkono wa gia ukasimama imara. Alipoanza kazi adhuhuri ilikuwa imekwisha adhiniwa, na alipomaliza alasiri haijaadhiniwa.

"Kumbe ilikuwa kazi ya kipindi kimoja," mama alisema. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaketi huko.

Hakuketi mbele tena maisha yake yote. Iwe kanisani, sokoni, hata kwenye harusi yangu, kiti cha mbele kikiwa wazi, yeye aliketi nyuma akitazama nje. Majirani walimtania baba kwamba amekuwa dereva wa mkubwa, naye alicheka nao. Hakujitetea hata mara moja. Na mimi mama alinipenda zaidi. Aliniambia, "Nimebaki na wewe tu sasa, mami," na kunipa kipande cha nyama kilichobaki, nami nilikimeza kama changarawe. Ningeweza kusema. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kusema. Nilikuwa nikijiambia nitasema Krismasi, na Krismasi ikifika kulikuwa na wageni. Mama tulimzika miaka minne iliyopita.

Sasa barabara ni ya lami na Nkubu ni mwendo wa muda mfupi. Yule mzee wa Majengo hayupo, na mibuni tuliyochezea kanisa imeng'olewa ikapandwa migomba.

"Hiyo ni pembe," baba alimwambia fundi kijana. "Ile halisi niliipoteza mimi. Uzembe wangu."

Kumsikia akijilaumu kwa mtoto wa watu, uzeeni, ndiko kulikonishinda. Nilimwambia yote pale pale, juu ya debe: kola, mfuko wa rinda, choo. Nililia kama mtoto. Kijana akajifanya anatafuta spana.

Baba aliipapasa ile pembe kwa kidole gumba.

"Mama yako ulimwambia?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Ungemwambia yeye."

Pembe ilirudishwa mahali pake kwa sababu haikuwa imelika hata kidogo, na baada ya kuhangaika sana gari likawaka. Nikashika usukani, nikamfungulia baba mlango wa mbele. Alinipita polepole na mkongojo wake, akafungua mlango wa nyuma, akaketi pale pale alipokuwa akiketi mama. Nikatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haikuhitaji mtu wa kuishika.