Baveti Fupi ya Mbarara

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila mvua ikinyesha hapa Kashojwa inanirudia. Sijui kama nitaiandika vizuri, maana shule niliiacha mapema, na mengine huenda nimeyasahau. Nitaandika yale niliyo na hakika nayo.

Nilikuwa kijana, na mali yangu yote ilikuwa baisikeli. Nyuma haikuwa na baveti, kile kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madigadi kuzuia tope. Baba Riziki, mzee wa ukoo wetu niliyetoka naye Kivu, ndiye mtu pekee niliyekuwa naye hapa kambi ya wakimbizi. Tulikwenda Masha pamoja kununua ndizi, mimi mbele, yeye nyuma na baisikeli yake, kwa sababu njia ni nyembamba.

"Weye, kinga yako iko inanirushia matope mu macho," aliniambia, maana kwetu baisikeli ni kinga. "Leta nikukatie baveti mu tairi ya zamani."

"Ya tairi, baba? Batu batasema nimevalisha kinga kandambili!"

Alicheka sana. Mimi nikaenda zangu mjini Mbarara. Karibu na kambi ya jeshi ya Makenke palikuwa na mama mmoja, mke wa askari, aliyeuza vifaa vya baisikeli. Nikachagua baveti fupi, nyekundu, yenye simba mweupe.

"Kijana, hiyo ni ya maringo tu," akasema. "Kwenu tope mingi. Chukua hii refu."

Naandika hivyo nisije nikamsingizia. Alinionya.

Wiki hiyohiyo Baba Riziki alikuwa anakwenda kijiji cha pili kumposea mwanawe. Wazee wenzake walikuwa wametangulia, mimi nikamsindikiza. Alivaa shati lake jeupe, hakuwa na jingine. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nikakanyaga pedali kwa nguvu, nataka watu wamwone simba wangu, wala sikugeuka hata mara moja. Tulipofika kwenye ua wa wakwe ndipo nikamtazama. Tope lilikuwa limemjaa usoni na kifuani.

"Siwezi kuingia kwa bakwe hivi," alisema polepole. "Ingia weye, uikale mu fasi yangu. Shati yako iko safi."

Nikaingia. Nikakalishwa kwenye kiti cha baba, nikapewa soda kabla ya wazee. Wakauliza baba wa kijana anasemaje, nikajibu. Yeye alisimama nje ya ua wa mabua, akisikiliza mwanawe akiombewa mke kwa sauti ya mtu mwingine.

Mpaka leo najiuliza, kwa nini sikuvua shati langu nikampa? Ningeweza kukuambia kwamba lingembana. Lakini sitaki kukudanganya, mwanangu. Wazo hilo halikunijia kichwani kabisa.

Binti alitolewa, harusi ikafanyika, na haki isemwe, hakuna kilichoharibika. Wala hakunigombeza. Kesho yake alikuja na kipande cha tairi, kirefu, karibu kiguse ardhi. Akamfungua simba, akakifunga mwenyewe kwa waya.

"Hii haiko yako," akasema. "Ni ya mwenye atakuwa nyuma."

Baadaye alipata safari ya kuhamishiwa ng'ambo, yeye na nyumba yake yote. Sikuwa nimemwomba msamaha. Nilikuwa nangoja siku nzuri.

Ile baveti ingali imara. Baisikeli nimebadilisha, yenyewe nimeihamisha. Mvua ikinyesha naendesha taratibu kwenda Masha, halafu nageuka kutazama. Hakuna mtu.

Basi, mwanangu, ukinunua kitu chako mfikirie na anayekufuata. Geuka mapema, akiwa bado yupo. Na ukiona umemchafua mtu, vua shati lako umpe palepale, hata kama litambana. Sijui kama mimi ndiye wa kukuambia haya, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Mungu akupe mtu wa kwenda naye njiani, awe mbele yako au nyuma yako, na awafikishe nyote wawili mkiwa safi.