Kufuli la Simu ya Parokia

Niliwahi kupiga simu iliyofungwa kufuli. Kufuli halikufunguka, lakini simu ilifika.

Ilikuwa 1996, kwenye parokia moja ya Kawale, Lilongwe. Kila saa mbili asubuhi Norbert, sekretari, Mkongo mwenzangu, alitia kufuli kwenye gurudumu la namba lisizunguke. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Ukutani kulikuwa na karatasi: ANAYETAKA KUPIGA AOMBE UFUNGUO KWA SEKRETARI.

Mimi nilikuwa nachapa vyeti vya ubatizo, kwa ruhusa ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, siku mbili kwa juma. Kuomba kulinishinda. Hata chumvi mezani sikuomba.

Siku hiyo Norbert alifunga, akaenda kununua mkate. Simu ikalia.

“Yaya, dada yangu, njo mi,” akasema mdogo wangu Zihindula. “Polisi bamenikamata ku Lumbadzi. Nilitoka kambi bila karatasi. Ofisi ya bakimbizi isipobapigia, saa tatu gari inatupeleka mupaka.”

Laini ikakatika.

Baba yangu alikuwa fundi wa simu Bukavu. Alinifundisha kuwa gurudumu hukata laini tu, kwa hesabu ya namba: namba tatu, mara tatu. Kitufe kilicho chini ya mkonga wa simu hufanya kazi ileile.

Nikabonyeza. Namba ya ofisi ilikuwa na sifuri mbili. Sifuri ni mara kumi.

Kwanza nikapata duka la majeneza. Nikaomba radhi.

Mara ya pili nikapata ofisi. Mama mmoja akaandika jina la Zihindula, akasema anawapigia polisi sasa hivi.

Nilipogeuka, Norbert alikuwa mlangoni na mkate wake.

“Umepiga na kufuli juu?”

“Ndiyo. Unisamehe, monsieur Norbert.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu niko na miaka kenda.”

Akakaa. Akautazama mkate.

“Padri hajuake kitu. Kufuli ni yangu. Na ile karatasi, ni mi niliandika.”

“Juu ya nini?” nikamuuliza sababu.

Simu ikalia tena. Alikuwa Zihindula: ameachiwa, ana njaa.

Ninyi mnaosoma, mkimtaka mtu, mwambieni. Kufuli halina mdomo.

Norbert alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya vyeti vyangu.

“Miezi saba nangoja uniombe,” akasema. “Nilitaka tu tuongee, Fortunée. Mi nakupenda.”