Ligi Imezaa Mara Mia

Hii stori sijawahi kuimaliza mbele ya mtu, kila nikianza nafika pale pa maiki naanza kukohoa, lakini leo kwa vile mmeniita "Mara Mia" mbele ya wateja wangu, kaeni hapo kwa benchi niwaambie yote. Na mkicheka, mcheke mkijua kuna mtu alikosa kazi hiyo siku kwa sababu ya mdomo wangu.

Mnanijua. Wiki nzima nauza viatu vya mitumba hapa soko la Toi, lakini Jumapili na siku za krusedi mimi ni mkalimani. Mhubiri mgeni akiruka naruka, akilia nalia, akisema neno moja mimi nasema matano na watu wanaanguka. Siri ya hiyo kazi ni moja tu, usisimame. Neno likikupita weka lingine la moto uendelee (hivyo ndivyo nilifunzwa, na kwa krusedi haijawahi kuniletea shida, kwani nani ataenda kukagua?).

Sasa, ligi ya lakrosi. Mnakumbuka vile ilikuja? Wazungu wawili watatu na zile fimbo za kurushiana mpira, ziko na neti mwishoni, wamama wa omena wa Laini Saba wakicheka, ati yawa, hawa wanaenda kuvua samaki kwa reli? Lakini baada ya muda hakuna mtu alikuwa anacheka, kwa sababu ilikuwa ligi ya kulipwa, jezi ziko na majina mgongoni, na Kibera ikicheza na Kawangware hata vinyozi walikuwa wanafunga waende kuona. Halafu ikatokea ligi ya pili, ikaahidi makubwa, ikanyang'anya ile ya kwanza wachezaji wote wazuri, ile ya kwanza ikafa, na hiyo ya pili nayo ikaanza kuumwa polepole: kwanza maji ya wachezaji yakaisha, halafu bendeji, halafu malipo yakawa yanakuja mwezi huu yanaruka ule.

Kwa goli la Kibera alikuwa anasimama Mwende, binti ya jirani yangu kule Kambi Muru, Mama Mwende, Mkamba wa Kitui anayepika muthokoi wa mahindi hapo kwa geti ya ploti. Mwende ana mtoto mdogo. Wiki hiyo alikuwa amepata kazi ya ukweli, kushona kwa kiwanda cha nguo huko Athi River, na supavaisa alikuwa amemwambia apige simu Jumamosi kabla ya saa saba aseme anakuja ama haji, kwa sababu kuna wasichana wengine wanangoja hiyo nafasi. Sasa shida ni kwamba Mwende alipenda lile goli kuliko chakula. Na hiyo Jumamosi, kabla ya fainali huko Kawangware, mkubwa wa ligi alikuwa anakuja kuhutubia, na mkalimani ni nani? Ni mimi.

Asubuhi akanishika mkono hapo kwa mfereji. "Anko, wewe ndio utasikia kwanza. Kama ligi iko, nabaki. Kama haiko niambie tu, niende nikashone."

Nikamwambia, "Mwende, kwani mimi ni mtu wa nje? Wewe niangalie tu."

Tulipofika uwanjani maiki zilikuwa mbili, moja ikakataa. Mtu wa spika akauliza tungoje alete nyingine, na hapo ndipo nilijimaliza, nikasema zii, wacha hiyo moja nishike mimi, mgeni ataniambia kwa sikio, natosha (nilikuwa nimevaa suti, na mtu akivaa suti anataka maiki iwe yake peke yake).

Huyo mkubwa wa ligi tulimwita Danny, mzungu mrefu wa kuongelea kwa pua. Akainama kwa sikio langu, akasalimia, nikasalimia. Akashukuru, nikashukuru mara tano. Halafu akasema polepole, "The league has folded."

Folded. Sasa sikizeni. Kiingereza cha shule nilipata D, hicho kingine chote nimekiokota kwa wahubiri, na kwa wahubiri fold ni moja tu, ni ile ya mbegu imeanguka kwa udongo mzuri ikazaa thirtyfold, sixtyfold, hundredfold. Thelathini, sitini, mia. Kuna kitu ndani yangu kiliniuliza, mbona huyu ana uso wa matanga? Ilikuwa ni kugeuka tu nimwambie, "Danny, rudia hapo." Lakini uwanja mzima unaniangalia, spika imeshika moto, na mkalimani hasimami.

Nikaruka juu. "Ligi imezaa! Imezaa mara thelathini! Imezaa mara sitini! Semeni mara mia!"

"Mara miaaa!"

Vigelegele, firimbi, watu wanabebana. Danny akashika kifua, machozi yakamtoka (nafikiri alidhani ndivyo tunavyoaga maiti huku), na mimi nikatangaza, "Analia na furaha!" Akaniambia wachezaji warudishe fimbo na helmeti. Hiyo nilielewa vizuri, lakini nilikuwa nimeshapanda mlima, nikaongeza yangu: "Rudisheni hizi za zamani, mpya ziko njiani!" Wakazirundika kwa pikapu wakiimba. Wenyewe, kwa mikono yao.

Katikati ya hizo kelele nikamwona Mwende kwa goli lake, simu mkononi, ananiangalia. Ilikuwa saa sita na nusu. Hakuuliza kwa mdomo, aliinua tu nyusi. Nikamwinulia kidole gumba.

Akampigia supavaisa hapo hapo akicheka, sikio lingine amelifunika na kiganja.

Muda kidogo nikaona dereva wa pikapu anang'oa goli la Kawangware na spana. Mama Mwende ndiye alimwuliza, "Na hiyo unang'oa ya nini, si fainali bado?"

"Fainali gani, mama? Nimetumwa nibebe kila kitu kikauzwe. Ligi si imekufa? Kwani hamjaambiwa?"

"Si tumeambiwa imezaa!" mtu akapiga kelele, na uwanja wote ukageuka kwangu.

Nikamgeukia Danny na maiki bado iko mdomoni (shida yangu yote duniani ni maiki), nikamwuliza folded ni nini, na spika ikabeba hilo swali ikalipeleka mpaka steji ya matatu. Danny alitoa karatasi ya ratiba ya mechi mfukoni, akaikunja, akaikunja tena, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akairudisha mfukoni. Na mimi, kwa yale mazoea ya miaka ya kuiga wahubiri, mikono yangu ikaanza kukunja pia, nakunja hewa, kunja, kunja, mbele ya kila mtu. Ndiyo tafsiri pekee niliyofanya sawa siku hiyo, maana wote walielewa.

Maganda ya machungwa nilirushiwa, wacha hayo. Vijana walikimbilia fimbo zao, pikapu ilikuwa imeshatoka. Mama Mwende alinitukana kwa Kikamba na hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Lakini mimi nilikuwa namsikiza Mwende, amepiga tena ile simu.

"Madam, ni mimi, Mwende, wa saa ile... Hapana, nimebadilisha, naweza kuja... Ati umeshapatia mwingine?... Sawa. Sawa, madam. Asante."

Asante! Woi. Alikuja na glavu za goli kwapani, hakunipigia kelele, akaniuliza kitu kimoja tu. "Anko, hukusikia ama hukujua?"

Nikasema, "Sikusikia, Mwende. Hizi kelele."

"Basi si makosa yako," akasema, akaenda kumshika mama yake mkono.

Danny aliniambia baadaye hata kwao hizi ligi za kulipwa zinazaliwa na kufa kila wakati, zinabadilisha majina, zinahama miji, na wachezaji Jumatatu wanarudi kufunza shule. Sawa. Mwende Jumatatu alienda kukaa na wale wamama kwa ukuta wa maploti ya Kilimani, kungoja kuitwa kufua nguo. Bado anakaa pale. Siku zingine anaitwa, siku zingine anarudi saa sita mikono ikiwa mikavu.

Mimi niliapa. Siku hizi neno likinipita nasimama, nasema hapo kwa maiki, "Hilo silijui, rudia." Watu wanacheka, na makanisa mawili yameshatafuta mkalimani mwingine, wacha yatafute. Tuliambiwa tangu utotoni kuuliza si ujinga, nami nimelijua hilo nikiwa mtu mzima wa suti.

Lakini kiapo ni rahisi. Danny alikuwa ameinama hapa, kwa hili sikio. Nilisikia vizuri kabisa, neno ndilo sikulijua. Nyinyi mmejua kabla ya Mwende, na kesho asubuhi nitapita pale kwa ukuta na gunia langu la viatu, na ataniambia, "Sasa, anko," na mimi nitasema poa.